Sinthetiki kwenye injini kuukuu: kesi dhidi ya 20W-50

Ingia duka la vipuri Kibuye au Kondele, hapa Kisumu, useme unataka oili ya sinthetiki ya Toyota NZE iliyopita kilomita laki mbili na nusu. Muuzaji hatanyoosha mkono kwenye rafu. Atakuuliza gari ni la mwaka gani, ataguna, halafu atamwita fundi aliyeketi nje na kikombe cha chai. Fundi hahitaji hata kuliona gari. "Jaduong', hiyo itaosha injini mpaka ianze kuvuja kila mahali. Weka 20W-50, ile nzito, itulie." Basi, kesi imeamuliwa. Ukisisitiza, unaonekana mtu aliyesoma mambo kwenye simu.

Nimeisikia hukumu hiyo Kisumu, nimeisikia Nakuru, na nimeisikia Kakamega kutoka kwa mtu aliyelala chini ya gari, miguu yake tu ndiyo ilikuwa inaonekana. Sikubaliani nayo, lakini siidharau. Mafundi wetu wameona magari yakibadilishiwa oili Jumatatu na kurudi Ijumaa yakiwa yamelowa chini. Walichokiona ni kweli. Ninachobishia ni sababu wanayoitoa.

Sehemu ya hofu hii ni urithi wa zamani. Oili za sinthetiki zilipoanza kuuzwa kwa wenye magari ya kawaida huko Marekani katikati ya miaka ya 1970, Mobil 1 ikiwa miongoni mwa zilizotangulia, wengi walilalamika kwamba injini zao zilizokuwa kavu zimeanza kutoa matone. Mafuta ya msingi yanayoitwa PAO, yanayoundwa kiwandani, yakiwa peke yake huufanya mpira wa sili, zile pete zinazozuia oili isivuje, usinyae kidogo, ilhali oili ya kawaida ya siku zile iliufanya uvimbe kidogo. Sili iliyokaa miaka ikiwa imevimba, ukiibadilishia oili ghafla, inapungua na kuacha mwanya. Watengenezaji walilitatua jambo hilo kwa kuchanganya esta na viambato vingine vinavyourudishia mpira unene wake, na walilitatua miaka mingi kabla NZE ya kwanza haijatoka kiwandani. Dawa ilipatikana, lakini habari ya ugonjwa ndiyo iliyofika huku kwetu, na bado inatembea.

Sehemu ya pili iko hai mpaka leo, na inahusu uchafu. Injini iliyolishwa oili duni, tena ikachelewa kubadilishiwa, hujijengea tope jeusi chini ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, kwenye njia za oili na kuzunguka sili. Sili zenyewe zimepikwa na joto mwaka baada ya mwaka, zimekuwa ngumu na zina nyufa. Tope ndilo limeziba nyufa hizo. Sasa njoo na oili nzuri yenye viambato vya kusafisha. Inalilainisha tope, inalibeba hadi kwenye filta, na ufa uliokuwepo tangu mwaka juzi unaanza kuonekana. Mwenye gari anaapa kwamba oili imemharibia sili. Sili ilikwisha kitambo.

Hapa kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii: viambato hivyo vya kusafisha haviko kwenye sinthetiki peke yake. Tazama nyuma ya mkebe, utafute herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Kwa injini za petroli zinaanza na S, na herufi ya pili hupanda kadiri kiwango kinavyoboreshwa: SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Oili ya kawaida yenye kiwango cha SN itasafisha tope hilo hilo. Madukani kwetu bado utakuta mikebe iliyoandikwa SF, kiwango cha magari ya miaka ya 1980, ikiuzwa kwa mtu mwenye injini ya VVT-i, ile ya Toyota inayogeuza majira ya valvu. Huyo ndiye wa kuonewa huruma, si yule anayenunua sinthetiki.

Na neno sinthetiki lenyewe kwenye mkebe halikupi habari nyingi. Mwaka 1999, katika shauri kati ya Mobil na Castrol, chombo kinachochunguza matangazo ya biashara huko Marekani kiliamua kwamba mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu kabisa kwa kutumia hidrojeni, yale yanayowekwa kundi la tatu, yanaweza kuuzwa kwa jina la sinthetiki. Tangu hapo sehemu kubwa ya sinthetiki zilizoko sokoni ni za kundi hilo. Siyo wizi. Mafuta hayo ni mazuri, yanastahimili joto kuliko oili ya kawaida, na hayana ile tabia kali ya kusinyaza mpira. Ila mtu anayeogopa "kemikali za kiwandani" ajue kwamba anachokiogopa mara nyingi kilianza safari yake kisimani kama mafuta mengine yoyote.

Tuje kwenye namba, maana naona ndiko kesi yote iliko.

Namba ya kwanza, ile yenye W, inapimwa kwenye baridi ambayo Kenya hatuijui. Oili ya 5W hujaribiwa uwezo wake wa kuruhusu injini izunguke kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, na 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata Timboroa alfajiri ya Julai hufiki huko. Kwa hiyo fundi husema: hiyo ni ya wazungu, sisi tuna jua. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko kwenye karatasi za watengenezaji wenyewe, zinazoonyesha mnato, yaani ugumu wa oili kutiririka, kwa nyuzi 40, joto ambalo injini yako inalipita dakika chache baada ya kuwaka. Kwa joto hilo 20W-50 ya kawaida huwa na mnato wa sentistoki 160 hivi, na 5W-30 huwa 60 na kitu. Yaani hata Kisumu, hata mchana, oili nzito inatambaa wakati nyepesi imeshafika juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu. Ile kelele ya kugongagonga unayoisikia sekunde za kwanza asubuhi ni chuma kikisubiri oili.

Namba ya pili inapimwa injini ikiwa imepata moto, kwa nyuzi 100. Hapo 30 maana yake ni mnato kati ya 9.3 na 12.5, na 50 maana yake ni kati ya 16.3 na 21.9. Tofauti hiyo ni kubwa. Mtu aliyekuwa akitumia 20W-50 kwa miaka sita, akasikia sifa za sinthetiki, akaenda akanunua 0W-20 kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye ofa, amebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Amehama kutoka oili ya kawaida kwenda sinthetiki, na papo hapo ameporomoka kutoka nzito kabisa hadi nyepesi kabisa. Injini iliyolegea itavuja na kuinywa oili hiyo nyepesi, iwe imetengenezwa kwa njia yoyote ile. Lakini kesi inaandikwa kwa jina la sinthetiki.

Na sinthetiki si lazima iwe nyepesi. Iko 5W-40, iko 10W-40, iko hata 15W-50. Kwenye gari kuukuu lenye kilomita nyingi hizo ndizo ninazozungumzia. Ukitoka 20W-50 ukaenda 10W-40 ya sinthetiki, umeshuka ngazi moja tu kwenye namba ya pili, na injini itapata oili mapema zaidi asubuhi bila kupoteza utando wake ikipata moto. Ukiona hakuna linalozidi, safari inayofuata unaweza kujaribu 5W-40. Haraka ya nini?

Kuna jambo lingine huwa linanichekesha kidogo. NZE, Probox, Premio, Fielder, karibu yote haya yalikuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na sheria yetu hairuhusu gari lililopita miaka minane kuingia. Miaka yote ile kule, injini ililelewa kwa 5W-30 au nyepesi kuliko hiyo. Kadi ya servisi iliyoandikwa Kijapani bado inaning'inia chini ya boneti. Gari linashuka Mombasa, linafika Kisumu, na servisi yake ya kwanza linamwagiwa 20W-50, kwa sababu ni gari kuukuu, gari la jua, gari la Afrika. Baada ya miaka mitano ya chakula hicho, tunaambiwa kwamba injini imezoea nzito na haiwezi tena nyepesi! Aliyeizoesha ni nani?

Mwenye kutaka kujua kama injini yake inafaa kupewa sinthetiki asiulize dukani. Aulize barabara. Sisi wa upande huu tuna bahati, kwa sababu safari ya Kisumu hadi Nakuru, kilomita 180 hivi, ni kipimo ambacho hakuna gereji inayoweza kukutengenezea. Kisumu iko kwenye mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hadi Ahero na Awasi unaenda tambarare, joto la ziwa bado liko nawe. Kisha mlima unaanza. Unapanda kuelekea Kapsoit, gia ya pili na ya tatu nyuma ya lori la miwa au trela, injini ikilia kwa mizunguko mingi na hewa ikizidi kuwa nyepesi, hadi Kericho kwenye mita 2,000 na zaidi, halafu unaendelea kupanda kupita njia panda ya Londiani mpaka Mau Summit. Hapo ndipo ringi, zile pete za pistoni, zinapohojiwa. Mwambie mwenzio aliye kwenye gari la nyuma atazame ekzosi yako ukiwa unapanda na mguu umekanyaga. Moshi wa bluu usiokatika maana yake ringi za pistoni zimechoka au zimekwama kwa kaboni, na oili inapanda hadi kwenye chumba cha kuchomea.

Kisha unashuka. Kutoka Mau Summit hadi Sachangwan na Salgaa ni mteremko mrefu, ule ambao Kenya nzima inaufahamu kwa ajali zake. Dereva mwenye akili anatumia gia kulizuia gari na kuacha petroli kabisa. Wakati huo injini inafyonza kwa nguvu, na kama sili za valvu zimekuwa ngumu, oili inavutwa kidogo kidogo kupitia shina la valvu na kukusanyika juu ya pistoni. Ukifika chini ukakanyaga tena petroli, wingu moja la bluu linatoka, linatanda, kisha linaisha. Hilo ni tofauti na moshi wa kupanda. Hizo ni sili za valvu, na sili za valvu fundi mzuri anaweza kuzibadilisha bila kushusha injini. Watu wengi wameuza magari yao kwa bei ya kutupa kwa sababu waliona wingu la Salgaa wakadhani ni ringi.

(Ukinunua gari kwa dalali, mwombe mjaribu kwenye mlima na kwenye mteremko, si kuzunguka mjini tu. Na uliza ni oili gani imo ndani. Gari la kuuzwa lenye oili nzito kupita kiasi, pamoja na chupa ya dawa ya kuzuia moshi iliyosahaulika kwenye buti, limeshajibu maswali yako.)

Kabla ya kulaumu ringi wala sili, kuna kidude kimoja ambacho ningependa kila mwenye gari kuukuu akijue. Kinaitwa valvu ya PCV, kiko juu kwenye tapeti kava, kidogo kama kidole gumba, na kazi yake ni kuiruhusu injini ipumue. Gesi zinazopenya kando ya ringi hushuka chini kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na lazima zipate njia ya kutoka, la sivyo zinajaza shinikizo ndani. Kidude hiki hupeleka gesi hizo zirudi kuchomwa. Kikiziba kwa uchafu, shinikizo linatafuta mlango mwingine, na mlango ulio karibu ni sili ya krankshafti na gasketi ya tapeti kava. Kikikwama kikiwa wazi, kinafyonza oili na kuipeleka kuchomwa. Ukikifungua, kitikise karibu na sikio. Kinatakiwa kisikike kikicheza ndani. Kisiposikika, kinunue kingine, bei yake haifikii hata nusu ya mkebe wa oili. Nimeona gari Nakuru lililokuwa limeandikiwa ovaholi likapona uvujaji kwa kubadilishiwa PCV na gasketi ya tapeti kava. Fundi aliyeandika ovaholi hakufurahi.

Injini za VVT-i nazo zina sababu yao ya kuchukia tope na oili nzito. Mfumo huo unageuza majira ya valvu kwa kutumia shinikizo la oili yenyewe, inayopita kwenye valvu ndogo ya umeme, na kabla ya kufika hapo inachujwa na kichujio cha wavu ambacho ukikishika ni kama ukucha wa kidole kidogo. Kikizibwa nusu, gari linapoteza nguvu mlimani, linatetemeka likiwa limesimama, taa ya injini inawaka, na mwenye gari anabadilishiwa plagi, koili na pampu ya petroli kabla mtu hajakumbuka kukifungua kichujio hicho. Kwa magari haya, oili isiyotengeneza tope ina faida unayoweza kuigusa kwa mkono.

Sasa, liko gari ambalo sitakwambia kabisa uliwekee sinthetiki nyepesi ya kisasa. Ni Peugeot 504. Magharibi mwa Kenya bado zipo, hasa pikapu, zimeegeshwa kwenye boma Bungoma au Busia, nyingine bado zinabeba mahindi. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wazee wanalizungumzia mpaka leo kama ng'ombe wa mahari. Injini yake ni ya enzi ambayo kamshafti inasugua tapeti moja kwa moja bila rola, na msuguano wa aina hiyo unahitaji viambato vya zinki na fosforasi kwa wingi. Oili mpya za petroli za namba 20 na 30 zimepunguziwa fosforasi ili kulinda kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, kifaa ambacho 504 haijawahi kuwa nacho. Oili za 40 na 50 hazibanwi na kikomo hicho. Kwa mzee huyu, 20W-50 ya kampuni inayoeleweka, ikibadilishwa kwa wakati, ni chakula sahihi. Fundi wa Kondele hapo ana haki yake, na nampa yote.

Kwa upande mwingine, kijana wa Nakuru mwenye Subaru Forester ya turbo, hata iwe na kilomita laki mbili, sitajadiliana naye. Turbo inazunguka kwa mizunguko ya ajabu ikiwa imeshikiliwa na utando wa oili, na gari likizimwa ghafla baada ya kupanda mlima, oili iliyobaki mle inakaangwa. Oili ya kawaida inageuka kaboni mapema na kuziba njia. Huyo aweke sinthetiki, namba ile inayotajwa na kitabu cha gari, na aiache injini ipumue dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Matatu za dizeli ni habari nyingine kabisa, zina viwango vyao vinavyoanza na herufi C, na sitaziingiza hapa.

Pesa. Sinthetiki mara nyingi inakaribia bei mara mbili ya oili ya kawaida, na wauzaji wanakutuliza kwa kusema inaenda kilomita mara mbili, basi ni sawasawa. Kwenye gari jipya, huenda. Kwenye injini kuukuu sikubali hesabu hiyo. Ringi zilizochoka zinapitisha gesi chafu na petroli mbichi kwenda kwenye oili kwa wingi, na uchafu huo haujali kama oili ni ya bei gani. Mimi mkebe unaoniahidi kilomita 10,000 naumwaga kwenye 7,000 hivi. Maana yake sinthetiki inanigharimu zaidi, na nalijua hilo. Ninachonunua ni asubuhi isiyo na kelele, sampu safi, na oili isiyopotea kwa mvuke. Hilo la mvuke watu hawalihesabu. Kuna kipimo ambacho oili hupashwa moto kwa nyuzi 250 muda wa saa moja, kisha hupimwa imepungua kiasi gani, na viwango vya sasa vinaruhusu hadi asilimia 15. Sinthetiki bora hupoteza kidogo zaidi ya nusu ya hapo au chini yake. Kwa hiyo gari linaweza kupunguza oili bila kuvuja wala kutoa moshi, na likaacha kupunguza ukibadilisha aina.

Namna ya kuhama, kwa NZE yangu ya rangi ya fedha, ilikuwa ya kivivu makusudi. Gasketi ya tapeti kava na PCV zilibadilishwa kwanza, injini ikasuguliwa nje kwa brashi na petroli kidogo ikakauka, ili tone jipya likitokea lijulikane limetoka wapi. Fundi alitaka kuiosha ndani kwa dizeli, kama wanavyofanya wengi wa jua kali: unamwaga dizeli, unaiwasha injini kidogo, unaitoa ikiwa nyeusi tii na kila mtu anafurahi. Nilikataa. Dizeli inabomoa tope kwa mabonge, na bonge likishuka linakwama kwenye wavu wa pampu ya oili chini ya sampu, na pampu ikikosa oili, beringi hazina dakika nyingi. Afadhali kusafisha polepole. Sinthetiki ya 10W-40 iliingia na filta mpya, ikamwagwa mapema kabla ya kufika kilomita 3,000, ikiwa nyeusi kama wino. Weusi huo ndio kazi niliyoilipia. Kisha ikaja ya pili, na hiyo ndiyo ikaenda muda wake.

Huhitaji maabara kujua kama oili bado inafanya kazi. Chomoa kijiti cha kupimia injini ikiwa na moto, dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe, uiache kwa saa kadhaa. Tone likitawanyika kijivu sawasawa hadi pembeni, oili bado inaweza kubeba uchafu. Likibaki doa jeusi nzito katikati na duara jeupe la mafuta kulizunguka, uchafu umeishinda, mwaga. Fundi wangu siku hizi anawafanyia wateja wengine jaribio hili kwenye karatasi ya risiti, na haniambii nimemfundisha.

Oili feki nayo inatisha kuliko ubishi wote huu. Mikebe mitupu ya lita nne ina soko. Nyingi zinakwenda kuuzia mafuta ya taa, lakini nyingine zinarudi madukani zikiwa zimejazwa oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi. Tazama kifuniko kama pete yake imekatika, tazama namba ya bechi chini ya mkebe iwiane na iliyoko ubavuni, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na ukishamwaga ndani ya injini, toboa mkebe kwa bisibisi kabla hujautupa. Muuzaji mmoja alinikasirikia kwa kutoboa mbele yake. Sikurudi dukani kwake.

Oili iliyotoka iachie gereji yenye pipa la kukusanyia. Najua wengi huipeleka nyumbani kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, na mchwa kweli hukimbia, lakini ina vitu vinavyosababisha saratani, na mvua ikinyesha Nyalenda kila kitu kinaelekea ziwani.

Ikibaki injini inayokunywa lita nzima kwa kila kilomita 1,000, ambacho ndicho kikomo ambacho vitabu vya Toyota vyenyewe vinakitaja, basi sinthetiki ni pesa inayotoka kwenye ekzosi. Tumia oili ya kawaida ya SN au zaidi, 15W-40 au hata 20W-50, ongeza kila unapojaza petroli, na usiache kijiti kishuke chini ya alama ya L. Oili za aina tofauti zinaweza kuchanganyika, kiwango cha API kinalazimisha hivyo, kwa hiyo ukikwama Kapsoit na dukani kuna aina moja tu, weka hiyo hiyo uende. Ile tofauti ya bei weka kando, kwa ajili ya seti ya ringi, sili za valvu na siku mbili za fundi.